Stempu ya Baba Mkwe

Mpenzi msomaji, kila nikiaga ofisini kwamba naenda Zanzibar, wenzangu huniuliza nimebeba nguo gani za ufukweni. Safari hii nilibeba albamu ya stempu. Niliifunga kwa kanga mbili, nikaitia ndani ya begi, na kwenye boti ya saa moja asubuhi nikaipakata kama mtoto mchanga kutoka Dar hadi bandari ya Malindi. Safari ya karibu saa mbili, na sikulala hata dakika moja.

Albamu hiyo ni ya marehemu baba mkwe wangu. Alikuwa karani, na ujanani mwake alifanya kazi Unguja. Hakuacha nyumba ya ghorofa wala shamba la mikarafuu. Aliacha heshima, madeni madogo madogo, na albamu ya jalada jekundu. Ukurasa wa kwanza una stempu moja tu: Malkia Victoria, stempu ya India, na juu yake neno “Zanzibar” kwa wino mweusi. Aliinunua Dar miaka ya themanini kwa mtu wa mjini. Alikuwa akimwambia mkewe, “Siku ukikwama, uza hii.”

Sasa mama mkwe amekwama. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili, na daktari kasema ni upasuaji. Sisi watoto tulitaka kuchanga, yeye akagoma. “Mume wangu aliniachia changu,” alisema. “Sitaki kuwa ombaomba kwa wanangu.” Shemeji yangu naye, mtu wa kuchangamkia dili, akapata mnunuzi wa laki nane. Mnunuzi hakuwa na swali, ana haraka tu. Mimi ndiye niliyeingiwa na wasiwasi, nikaomba wiki moja.

Kioo cha Gizenga

Ukitoka bandarini ukafuata njia ya Forodhani, ukakata kuingia Mtaa wa Gizenga, utaona maduka ya vitu vya kale yamepangana. Saa za ukutani, makasha ya njumu, sarafu, na stempu zimewekwa chini ya kioo. Niliuliza katika duka moja, kijana akanijibu bila kupepesa macho: “Zote za kweli dada, za enzi za masultani.” Nikamuuliza anajuaje. Akacheka. “Si unaona zilivyochakaa?”

Nami hadi asubuhi ile nilikuwa naamini hivyo hivyo. Kimechakaa, basi ni cha kale. Kina muhuri, basi ni cha kweli. Kiukweli wengi wetu hata wachumba tunawapima hivyo: kwa jalada.

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa amenielekeza kwa baba yake mdogo, mzee anayekusanya stempu tangu akiwa mwanafunzi. Anakaa Shangani, si mbali na jengo la zamani la Posta katika Barabara ya Kenyatta. Nilimkuta barazani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Kaa kitako, unywe kahawa kwanza. Stempu haina haraka. Mwenye haraka ni muuzaji.”

Ilibidi nikae kweli. Hakuigusa albamu mpaka aliponawa mikono na kuikausha. Halafu akatoa vifaa vyake: kibano, lensi, sahani nyeusi, kipimo cha kuhesabia meno ya stempu, na kile kitaa chenye mwanga wa zambarau ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia.

Kabla ya kuanza alinipa historia. Zamani posta ya Zanzibar iliendeshwa chini ya posta ya India, na stempu zilizotumika zilikuwa za India bila neno lolote la ziada. Posta ilipotoka mikononi mwa India, Novemba 1895, stempu mpya zilikuwa bado hazijawa tayari. Basi zikachukuliwa zile zile za India, zikapigwa chapa ya neno “Zanzibar” juu ya sura ya Malkia. Kazi ikafanyika hapa hapa mjini, kwenye mtambo wa gazeti la serikali, kwa haraka. Ndiyo maana zipo nyingine zilizosomeka “Zanzidar”.

“Sasa hiyo yenye makosa si ndiyo feki?” nikauliza.

“Hapana, bibie. Hiyo ndiyo adimu, na wakusanyaji huilipia zaidi. Na kwa kuwa inalipiwa zaidi, wapo wanaoghushi hata makosa.”

Mtihani mmoja baada ya mwingine

Akaanza. Kwanza karatasi. Aliiweka stempu chini ya kile kitaa cha zambarau, ikabaki imefifia, haikung’aa. Vizuri, akasema. Karatasi nyingi za kisasa hutiwa dawa ya kuzifanya ziwe nyeupe, nazo hung’aa chini ya mwanga huo. Dawa hiyo mwaka 1895 haikuwepo.

Pili, alama ya maji. Aliilaza kifudifudi kwenye ile sahani nyeusi, akadondosha matone ya benzini. Mpenzi msomaji, nilishika kifua. Lakini benzini haiyeyushi gundi kama maji, na hukauka upesi. Kwa sekunde chache nikaiona nyota, imejificha ndani ya karatasi, kama inavyotakiwa kwa stempu za India za wakati ule.

Tatu, meno. Kwenye kipimo yalilingana na 14, maana yake matundu 14 katika kila sentimita mbili. Sawasawa.

Nne, uchapaji. Chini ya lensi, mistari ya sura ya Malkia ilikuwa kamili, haikukatika vidoa vidoa kama picha ya printa ya kompyuta.

Mitihani minne, yote imepita. Nikatoa simu nimtumie mume wangu ujumbe kwamba mama atatibiwa kwa pesa yake. Mzee akaniinulia kidole. “Subiri. Hujaniuliza kuhusu muhuri.”

Alinipa lensi niangalie mwenyewe. Stempu ilikuwa imegongwa muhuri wa duara wa posta, nusu yake ikiwa nje ya stempu. “Soma herufi.” Nikasoma: B, O, M, B. “Soma mwaka.” Nikasoma: 92.

Nilinyamaza. Hakuhitaji kunieleza. Muhuri wa Bombay, mwaka 1892. Neno “Zanzibar” lilianza kupigwa mwaka 1895. Stempu imetumika, imefanya kazi, imestaafu India, halafu miaka mitatu kabla ya jina kuwepo, ina jina!

“Tazama tena,” akasema, “kipi kiko juu?” Nikatazama. Wino wa neno “Zanzibar” ulikuwa umepita juu ya wino wa muhuri. Stempu ya haki hupigwa jina kwanza, ndipo iuzwe, ibandikwe, igongwe muhuri. Muhuri hukaa juu. Hapa jina ndilo lililokuja mwisho.

“Stempu ni ya kweli, muhuri ni wa kweli,” mzee alisema. “Uongo ni lile neno moja tu.”

Ndiyo maana ilifaulu mitihani yote ya mwanzo. Mwongo hodari hatengenezi kila kitu. Anachukua kitu cha kweli kisicho na thamani kubwa, anakiongezea neno moja.

Mzee aliona nimenywea, akanisimulia habari za Jean de Sperati, Mtaliano aliyeishi Ufaransa. Mwaka 1942 forodha ya Ufaransa ilikamata stempu alizokuwa anapeleka Lisbon, ikamshitaki kwa kutoa nje mali ya thamani bila kulipia ushuru. Wataalamu wakazipima, wakasema ni za kweli. Ikabidi ajitetee kwa kuthibitisha kwamba kazighushi mwenyewe! Mwaka 1954 chama cha Waingereza cha wakusanya stempu kilimnunulia akiba yake na vifaa vyake, ili aache. “Kama wataalamu wa Ulaya walipigwa,” akasema, “baba mkwe wako ana kosa gani?”

Bahasha

Nilikuwa nafunga albamu bahasha ikadondoka kutoka kurasa za nyuma. Bahasha tupu, imeandikwa jina la mama mkwe, kwa anuani ya Tanga. Mzee akaidaka kwa kibano, uso ukabadilika.

Ilikuwa na stempu ya sultani, na juu yake maneno “JAMHURI 1964” yamegongwa kwa mkono, yamekaa upande kidogo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, posta haikuweza kusubiri stempu mpya. Zile za sultani zikagongwa neno hilo, zikaendelea kuuzwa. Nazo zimeghushiwa sana, maana mhuri wa mpira mtu yeyote anaweza kuchonga. Lakini hii ilikuwa na muhuri wa posta ya Zanzibar wa Februari 1964, uliopita juu ya neno JAMHURI na kuendelea hadi kwenye bahasha yenyewe, ukiwa na anuani ya mtu aliye hai.

“Hii naiamini,” alisema. “Haitakujengea nyumba, watu wanazo. Lakini usiibandue kwenye bahasha hata kwa dawa. Ukibandua, umefuta ushahidi.”

Jioni nilikula urojo Forodhani bila kuhisi ladha yake. Nikampigia shemeji. Akakaa kimya, halafu akasema, “Shemeji, mnunuzi hajui. Na sisi tungejuaje? Wewe hukwenda Zanzibar, basi.” Sitakudanganya, mpenzi msomaji. Usiku ule kwenye kitanda cha nyumba ya wageni nilizipigia hesabu zile laki nane mara nyingi.

Dar nilimkuta mama mkwe amekaa mkekani. Nikamweleza yote, tarehe kwa tarehe. Akaniomba nimpe stempu mkononi, akaipapasa kwa kidole.

“Kwa hiyo baba yenu aliuziwa,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Na mimi nimwuzie mwingine? Mrudishieni mtu wenu jibu.” Kisha akauliza ile bahasha iko wapi. Nilipompa, akaileta karibu kabisa na jicho, akashindwa. Akanyamaza muda mrefu. “Haya,” akasema hatimaye, “changeni. Nataka kuona mwandiko wake.”

Upasuaji wa jicho la kwanza umeshafanyika, na shemeji ndiye aliyetoa zaidi ya sisi wote.

Nawe ukienda Mji Mkongwe, pita Gizenga, nunua stempu ukipendezwa nayo, kwa bei ambayo hutaijutia hata ikiwa bandia. Ukitajiwa bei kubwa, soma kwanza mwaka wa muhuri, angalia wino upi uko juu, na umwombe muuzaji cheti cha wataalamu. Jumuiya ya London, Royal Philatelic Society, ina kamati ya kazi hiyo tangu 1894. Muuzaji mwenye kitu cha haki hatakukasirikia.

Tukutane mwezi ujao.