Nilivyotia vanila katika pombe ya mahari

Msomaji mpenzi, kuna mambo ambayo mtu huyafanya kwa nia njema kabisa, kisha yakamgharimu mbuzi. Langu ni hili.

Mwaka 2012 nilikuwa nikifanya kazi mjini Nakuru, na nilikuwa nimekwisha kukubaliana na binti wa watu kutoka Elburgon kwamba tuoane. Baba yangu alikuwa ameaga dunia, kwa hivyo aliyesimama mahali pake alikuwa baba mkubwa, anayeishi Bahati. Kwetu sisi Wagikuyu huendi kuzungumzia mahari mikono mitupu. Sharti pombe iwepo, na baba mkubwa hakutaka hata kusikia habari ya pombe ya kununua. Aliipika muratina mwenyewe.

Kwa wewe uliyezaliwa na kulelewa mjini, hebu nikueleze. Muratina ni jina la pombe, na pia ni jina la mti. Tunda la mti huo ni refu na nene mfano wa soseji kubwa, na likiwa bichi lina sumu. Lililokauka hupasuliwa, likachemshwa, likaanikwa juani, kisha likalowekwa katika asali kidogo mpaka lishike chachu. Vipande hivyo ndivyo hutiwa katika maji ya asali au ya miwa, na chombo kikawekwa karibu na moto, kwa maana baridi ya Bahati huilaza chachu. Pombe ikiiva, vipande huoshwa, vikaanikwa na kuhifadhiwa hadi siku nyingine. Vile vya baba mkubwa vilikuwa vimekaa naye miaka na mikaka.

Sasa sikia ujanja wa kijana wa mjini. Kazini kulikuwa na mwenzetu aliyewahi kuishi Marekani. Alitusimulia jinsi watu wa huko wanavyojipikia bia nyeusi iitwayo porter majumbani mwao, wakaitia vanila na wiski ya bourbon, ikanukia hata jirani akaja kubisha hodi. Nikajiambia, kumbe! Wakwe zangu watanikumbuka. Usiku wa kuamkia safari, baba mkubwa akiwa amelala, nilifungua mtungi wa lita 20 nikamimina kichupa kizima cha vanila ya keki na robo chupa ya wiski. Nikakoroga, nikafunga, nikalala usingizi mnono.

Na kweli walinikumbuka.

Mzee wa nyumba alipokea pembe ya kwanza, akaonja, akanusa, kisha akaiweka chini polepole. "Mzee mwenzangu," akamwambia baba mkubwa, "pombe hii ameipika nani?"

"Nimeipika mimi, kwa mikono yangu."

"Na humu umetia nini?"

"Asali, maji na muratina. Hakuna kingine."

Yule mzee hakubishana naye. Alimpa tu ile pembe. Baba mkubwa akaonja, akanyamaza, akatazama chini. Nyumba nzima ikawa kimya hata ukasikia kuku nje.

Huenda ukasema wazee wale walifanya makuu. Lakini ikumbuke nchi tunayoishi. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2010 ikaja sheria ya kudhibiti vileo, ambayo wengi tuliijua kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, papa hapa kwetu, na ambaye ndiye aliyeuleta mswada wake bungeni. Mzee aliyeshika pembe hana maabara mfukoni. Anachokunywa ni neno la aliyepika. Nami nilikuwa nimeligeuza neno la baba mkubwa kuwa uongo, mbele ya watu waliotaka kujua kama binti yao anakwenda kwa watu wa kuaminika.

Nilisimama nikakiri. Magoti yalinitetemeka. Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi na uamuzi: twende nyumbani, turudi baada ya wiki tatu na pombe safi, pamoja na mbuzi mmoja wa faini. Mchumba wangu, aliyekuwa akisubiri kuitwa sebuleni, aliambiwa avue nguo zake nzuri. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mbuzi.

Njiani baba mkubwa hakunena neno mpaka tulipofika Njoro. Hapo akasema, "Ungeniuliza tu." Basi.

Tulirudi baada ya wiki tatu, mambo yakanyooka, na leo nina watoto. Lakini jambo lile halikuniacha. Niliposoma kuhusu bourbon niligundua kwamba sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe mahindi angalau asilimia 51, na ikae katika pipa jipya la mti wa mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Moto ule ndio unaoutoa katika mbao utamu unaofanana na vanila. Hakuna anayevizia usiku na kichupa! Ladha hutoka katika chombo, na kila mnywaji anajua imetoka wapi.

Hivi majuzi nilipika muratina ya lita tano nyumbani kwa baba mkubwa, yeye akitazama, nikatia kipande cha vanila halisi kutoka Uganda. Nilimwonyesha kwanza, akakinusa, akaguna. Ilipoiva alionja mara mbili.

"Hii si muratina," akasema. "Lakini si mbaya. Ipe jina lake."

Msomaji mpenzi, sikuambii unywe, na wewe mwanafunzi ngoja umri wako ufike. Wala sisemi mapishi ya wazee yasiguswe. Ukitaka kuongeza kitu katika chungu cha mwenzako, iwe ni pombe, mchuzi au hata maneno aliyokutuma uyafikishe, mwambie kabla hujamimina. Mimi nililipa mbuzi na wiki tatu za aibu kujifunza hayo. Wewe umeyapata bure Jumapili hii.