Kenge wa Mto Maas

Asubuhi ya manyunyu tulipanda mlima wa Mtakatifu Petro, kusini ya mji wa Maastricht, katika nchi ya Uholanzi. Kuuita mlima ni heshima tu; mtu wa Kivu angeuita kilima. Lakini ndani umetobolewa kama kichuguu. Kwa karne nyingi watu walikata humo mawe laini ya kujengea, wakaacha mapito marefu yenye giza na baridi. Tulipapasa ukuta, nao ukatuachia mkononi unga wenye vipande vya makombe. Kumbe, twasimama katika sakafu ya bahari ya kale!

Katika bahari hiyo, yapata miaka milioni 66 iliyopita, aliwinda mnyama mtambaazi mwenye urefu wa zaidi ya mita 10. Hakuwa samaki: alivuta hewa kwa mapafu, akazaa watoto hai majini. Miguu yake ilikuwa kama makafi, na hata kaakaa lake lilikuwa na meno, ili windo lililokwisha kuingia kinywani lisitoke tena.

Karibu na mwaka 1780 wachimbaji walizikuta taya zake. Mganga Hoffmann alidhani ni mamba. Bingwa Petrus Camper akasema ni nyangumi. Baba huyo alipokwisha kufa, mwanawe Adriaan aliitazama mifupa upya, akaona yafanana na ya kenge. Cuvier wa Paris akakubali. Watoto wetu wanaowafukuza kenge mtoni labda wasingehitaji miaka yote hiyo. Jina Mosasaurus, la mwaka 1822, latokana na Mosa, ndilo jina la Kilatini la mto Maas.

Fuvu hilo lilikuwa mali ya kanoni Godding, mwenye shamba juu ya machimbo. Yasimuliwa kwamba alimnyang'anya Hoffmann kwa kumshtaki. Lakini hati ya kesi hiyo haijaonekana, na waliolieneza neno hili ni Wafaransa walewale walioteka mji mwaka 1794 na kulichukua fuvu hadi Paris. Sisi hatumhukumu padre kwa ushahidi wa namna hiyo.

Fuvu liko Paris hata leo. Katika jumba la makumbusho la Maastricht tulionyeshwa mfano wake tu. Ila karibu nao yupo ndugu yake wa kweli, aliyechimbuliwa mlimani humo mwaka 1998, nao wamempa jina la Bèr. Mzee mlinzi alipitisha kitambaa juu ya kioo chake, akatuambia: «Huyu ni wa kwetu, wala hasafiri.»