Babu yetu wa Ireland na dua ya mama

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, mama yangu huketi juu ya mswala wake akawasomea Yasin wazee wetu waliotangulia. Huwataja mmoja mmoja: baba yake, mama yake, bibi yake, ami zake. Akifika kwa babu yake mzaa mama, hunyamaza kidogo, kisha hupita. Nimekua nikiusikia ukimya huo.

Babu huyo alikuwa Mzungu wa Ireland, mfanyakazi wa reli ya Tanga. Marehemu bibi alitusimulia kwamba baba yake alitamka shahada mbele ya mwalimu wa chuo cha kijijini, kisha akamuoa mama yake kwa ndoa ya Kiislamu. Alifariki bibi akiwa na umri wa miaka sita, akazikwa katika makaburi ya Wazungu, chini ya msalaba. Kwa hiyo mama hakujua amwombee au asimwombee. Bibi alipofariki, mama aliniita akaniambia: “Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma dini, na ndiye mshika kalamu wa msikiti. Nitafutie babu yangu alikuwa nani, na alikufa akiwa nani, kabla nami sijaondoka.”

Ndugu msomaji, kutafuta nasaba si kutafuta fahari. Nilikiri moyoni kwamba utotoni tuliionea haya habari hii, na ukubwani baadhi yetu tukaanza kujivunia. Yote mawili ni makosa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha tuzijue nasaba zetu ili tupate kuunga udugu. Kwa nia hiyo nikaanza.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa jina. Silitaji hapa, kwa kuwa huenda ndugu zake wa damu wapo hai, nami sijawaomba idhini. Linaanza na herufi O. Nilijifunza kwamba katika lugha ya Kiairishi herufi hiyo ina maana ya mjukuu wa fulani, na neno Mac ni mwana wa fulani, kama sisi tusemavyo bin. Chini ya utawala wa Waingereza koo nyingi ziliacha kuitumia ile O, na baadaye nyingine zikairudisha. Ndiyo sababu nilihangaika wiki nyingi: katika kumbukumbu ya kuzaliwa, mwaka 1892, jina halina O, katika sensa ya mwaka 1911 inayo.

Sensa hiyo, pamoja na ile ya 1901, imewekwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland katika intaneti, na kila mtu huisoma bila malipo. Nikaiona fomu ya nyumba yao huko Mayo, magharibi ya nchi. Baba ni mkulima. Hakujua kuandika, ametia alama ya X mahali pa sahihi. Katika safu ya dini wote wameandikwa Wakatoliki. Katika safu ya lugha wazazi wanasema Kiairishi na Kiingereza. Mama aliulizwa, kama walivyoulizwa wake wote mwaka ule, amezaa watoto wangapi na wangapi wapo hai. Jibu lake: kumi, na saba. Nilimsomea mama yangu tarakimu hizo. Alinyamaza, kisha akasema, “Masikini, alizika watatu. Na huyu akamfia ugenini.” Kabla ya siku ile hakuna aliyefikiri kwamba Mzungu wetu alikuwa na mama aliyemngoja.

Nilipotaka kwenda nyuma zaidi, njia ilikatika. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu lililokuwa katika Four Courts mjini Dublin liliteketea, na humo zikapotea karibu zote zile sensa za 1821 hadi 1851. Hizo ndizo ambazo zingenionesha wazazi wa baba yake kabla na baada ya njaa kuu. Njaa hiyo ilianza mwaka 1845, ugonjwa ulipoozesha viazi, chakula cha masikini. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Mayo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia mno. Waislamu wachache wanajua kwamba mwaka 1847 Sultani Abdulmecid wa dola ya Uthmaniya aliwapelekea Wairishi msaada wa pauni 1,000. Sijui kama punje moja iliifikia nyumba ile, lakini nilifurahi kumsimulia mama.

Bibi alisema baba yake alifika na jeshi la Waingereza, lililoiteka Tanga Julai 1916. Nikatafuta faili lake la utumishi. Nalo halipo: sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa vita ile iliungua London mwaka 1940, ndege za Wajerumani zilipoishambulia. Nilichobaki nacho ni kaburi.

Niliandika barua kwa padri anayetunza madaftari ya maziko, nikimweleza mimi ni nani na nataka nini. Alinipokea kwa heshima, akanifungulia kitabu mwenyewe. Mstari ni mmoja: jina, mfanyakazi wa reli, umri miaka 42, mwaka 1934, homa ya mkojo mweusi. Safu ya ndugu waliohudhuria ni tupu. Safu ya sakramenti za mwisho nayo ni tupu. Padri akaniambia kwa uaminifu, “Hii haisemi kwamba alizikataa, wala haisemi kwamba alizipokea. Inasema tu kwamba hakuna aliyeandika.”

Nikaenda kijijini kwa wajukuu wa yule mwalimu. Walinitolea sanduku lake la vitabu. Mchwa walikuwa wamekwisha kula daftari la ndoa. Limebaki jalada na unga. Moto wa Dublin, moto wa London, na mchwa wetu wenyewe: hawa wa tatu ndio walioniuma zaidi, kwa kuwa hatukuwa na vita.

Nikampelekea habari yote sheikh aliyenisomesha. Nilikiri kwamba nilitamani aniambie ushahidi wa bibi unatosha. Hakunipendelea. Alisema mtoto wa miaka sita hakushuhudia ndoa ya wazazi wake. Alichotupa ni habari aliyoisikia. Wala msalaba uliowekwa na mwajiri si ushahidi wa moyo wa maiti. Kisha akanikumbusha tuliyoyasoma katika Minhaj ya Imamu Nawawi, pale maiti za Waislamu zinapochanganyika na za wasiokuwa Waislamu: anayeswalia mmoja mmoja hufunga nia yake kwa sharti, akamwomba Mwenyezi Mungu amsamehe huyu ikiwa alikuwa Muislamu. “Mwambie mama yako aombe kwa sharti,” alisema. “Mola anajua lililofichika kwenu.” Akaongeza kwamba walio hai huko Mayo wana haki yao: Bi Asmaa binti Abubakar (r.a.) aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) amuunge mama yake, naye alikuwa bado mshirikina. Barua yangu kwao nimekwisha kuiandika; inangoja maneno ya mama.

Na mimi nilirudi ofisini nikalifungua daftari letu la maziko. Nikakuta kwa mkono wangu mwenyewe: “Mwanamke, mzee, wa mtaa wa pili.” Bila jina la baba, bila tarehe kamili. Siku zile niliona inatosha. Nimetumia majuma matatu kupita nyumba hadi nyumba nikiwauliza wenye maiti, na sasa mistari kumi na moja imekamilika. Nakala ya daftari inakaa mahali pengine, mbali na mchwa.

Ijumaa iliyopita nilimsikia mama akiwataja wazee wake. Alipofika kwa babu yake hakunyamaza. Alimtaja kwa jina lake, na la baba yake, akaweka sharti, kisha akaendelea.