Nyama Isiyo Nyama

Katika Kiswahili tunachozungumza huku mashariki mwa Kongo, neno nyama linafanya kazi mbili. Nyama ni ile iliyo kwenye sahani, na nyama ni ile inayokimbia porini. Kiswahili sanifu tunachofundishwa hapa kitivoni kinavitenganisha vitu hivi: mnyama anatembea, nyama inaliwa. Sauti moja mwanzoni mwa neno inatosha kumhamisha kiumbe kutoka ngeli ya watu hadi ngeli ya nguo na nyumba. Walimu wetu hutusahihisha kwa wino mwekundu, na kwa upande wa sarufi wana haki. Lakini mzee wa Fizi anayesema nyama kwa vyote viwili ana haki yake pia. Kwake, kiumbe anayefuatwa porini tangu alfajiri ni mboga ambayo bado haijakamatwa.

Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu ya yaya wangu. Familia yetu ilitoka Fizi ikakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Baadaye mimi na mama tulirudi. Yeye na mke wake waliendelea kungojea, hadi wakapelekwa Twin Falls, mji wa jimbo la Idaho, magharibi mwa Marekani. Huko anafanya kazi ya kukamua ng'ombe. Kwa majira matatu ya baridi sasa amekuwa akiwinda kwa miguu mnyama anayeitwa koyote, pamoja na jirani yake, mzee mmoja mfugaji wa kondoo. Hunitumia ujumbe wa sauti, mwingine ameurekodi akiwa anatembea, na nasikia theluji ikilia chini ya viatu vyake kama mtu anayetafuna muhogo mkavu. Katika ujumbe mmoja alisema: "Mdogo wangu, huku kuko nyama yenye haiko nyama." Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kuielewa sentensi hiyo.

Tuanze na jina. Koyote ni wa ukoo wa mbwa. Ana uzito wa kilo 10 hadi 20 hivi, masikio marefu yaliyosimama na mkia mnene anaouinamisha akikimbia. Mtu akitafuta neno la Kiswahili la kumtajia atakutana na mbweha au mbwa mwitu. Yote mawili yana wenyewe. Mbweha ni wa mbuga zetu. Mbwa mwitu ni yule mwenye madoa anayewinda kwa kundi, na wasomaji wa Biblia wamezoea pia kumpa jina hilo mnyama mkubwa wa nchi za baridi anayewararua kondoo. Wazungu nao walihangaika. Lewis na Clark walipomwona mwaka 1804 walimwita mbwa mwitu wa nyika. Mwaka 1823 Thomas Say alimpa jina la kisayansi, Canis latrans, yaani mbwa anayebweka. Lakini jina lililoshinda ni la wenyeji: Wahispania walilichukua kutoka lugha ya Kinahuatl ya Meksiko, ambako aliitwa coyotl, na Waingereza wa Marekani wakalipokea kwa Wahispania. Sioni sababu ya sisi kukataa kulipokea pia. Koyote, makoyote: linakaa vizuri mdomoni.

Sasa uwindaji wenyewe. Baridi ndiyo wakati wake, kwa sababu ngozi inakuwa na manyoya mazito, na kwa sababu theluji inaandika kila kitu. Yaya na yule mzee hutoka kabla ya jua, digrii kumi chini ya sifuri, wamevaa nguo nyeupe juu ya makoti. Wanatembea upepo ukiwapiga usoni, kwa sababu koyote akipata harufu yako hutamwona siku hiyo. Wanapita kati ya vichaka vya kijivu vyenye harufu kali, wakitazama chini. Mbwa wa nyumbani, anasema yaya, anatembea kama mtoto aliyetumwa dukani: anakwenda huku, anarudi kule. Koyote anakwenda moja kwa moja, na mguu wa nyuma anauweka palepale ulipokuwa wa mbele, hata nyayo zake zinafanana na mshono wa cherehani. Kingo za unyayo zikiwa laini, amepita sasa hivi. Zikiwa zimegandana, amepita jana. Ikifika saa nne asubuhi hulala kwenye mteremko unaopigwa na jua, mahali pasipo na upepo, na hapo ndipo mwindaji anamtafuta. Wengine hukaa kichakani na kupuliza filimbi inayolia kama sungura anayekufa. Koyote husikia, lakini haji moja kwa moja, anazunguka kwanza upande ule harufu inakopelekwa na upepo. Yule mzee hapendi filimbi. Anataka kutembea.

Babu yetu aliwinda pia, na sikuwahi kumsikia akisifu ukimya. Walikwenda wanaume kumi au zaidi, na nyavu, na mbwa waliovalishwa kengele za mti shingoni. Nyavu zilifungwa upande mmoja, kelele zikaanzia upande mwingine. Jioni nyama iligawanywa kwa kanuni iliyojulikana: mwenye wavu ana sehemu yake, mwenye mbwa ana yake, aliyechoma mkuki wa kwanza ana yake, na mjane ambaye hakuwa na mtu porini hakulala njaa. Mawindo yale yalikwisha msitu ulipojaa watu wenye bunduki. Ndiyo maana mama alipoona kwenye simu picha ya mwanawe ameshika bunduki katikati ya weupe ule, alinirudishia simu bila neno. Baadaye, akichambua sombe, alisema: "Ile kitu tulikimbia, yeye ameinunua."

Nilimpelekea yaya maneno hayo. Alijibu kwamba huko bunduki ina darasa lake: katika Idaho kila aliyezaliwa tangu mwaka 1975 anapaswa kusoma masomo ya uwindaji kabla ya kupewa kibali cha kuwinda, naye aliyasoma na kufaulu. Koyote anaruhusiwa kuwindwa mwaka mzima. Kisha akaongeza jambo ambalo mama hakuuliza: "Mwambie mimi siwindi. Nalinda." Mwanafunzi wa fonolojia hawezi kupita hapo bila kusimama. Winda na linda zinatofautiana kwa fonimu moja tu, na yaya, ambaye hakusoma fonolojia, aliweka uzito wote wa jambo juu ya fonimu hiyo. Kulinda tunakujua. Mtoto anayekesha shambani kufukuza nyani analinda. Anayemwua chui aliyeingia zizini analinda, na hakuna atakayemwuliza kama aliila nyama yake.

Basi swali langu likawa hili: je, kweli analinda? Koyote hula wana-kondoo, hilo halina ubishi, na kondoo wa yule mzee huzaa kuanzia mwisho wa baridi. Lakini chakula chake cha kila siku ni panya, sungura, mizoga, hata matunda. Mwezi wa kwanza mwaka jana walifuata nyayo kwa muda wa saa mbili. Mahali patatu theluji ilikuwa imechimbika: koyote alisimama, akasikiliza panya chini ya theluji, akaruka, akazama na pua. Walimkuta amelala kwenye mteremko, na yaya akampiga. Yule mzee alipomchuna alipasua tumbo. Ndani mlikuwa na panya na manyoya ya panya. Hamkuwa na sufu hata kidogo. Mzee alisema angekula kondoo mwezi wa tatu. Yaya alirudi nyumbani na ngozi. Binti yake wa miaka sita, aliyezaliwa kambini, aliiangalia akauliza: "Papa, na nyama yake iko wapi?"

Kwa Kiingereza swali hilo lisingeulizwa hivyo. Kwa Kiswahili cha nyumbani kwao lilikuwa swali la kawaida kabisa: nyama imekufa, basi nyama iko wapi?

Marekani imepigana na koyote kwa muda mrefu kuliko umri wa mtu yeyote aliye hai. Mwaka 1931 bunge lao lilipitisha sheria ya kuwaangamiza wanyama wanaoharibu mifugo, na serikali ikatumia mitego, sumu na bunduki. Mwaka 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu hizo katika ardhi ya serikali kuu, lakini mauaji hayakukoma. Hadi leo watumishi wa serikali huua makumi ya maelfu kila mwaka, wengine wakipigwa kutoka kwenye ndege. Na koyote ameongezeka. Zamani alikuwa mnyama wa nyika za magharibi na kati. Sasa yuko tangu Alaska hadi Panama, na katika miji kama Chicago watu hukutana naye barabarani. Sehemu ya sababu ni kwamba mbwa mwitu wakubwa waliomzuia waliangamizwa kabla yake. Sababu nyingine, wanayoieleza wataalamu wengi, ni kwamba ukiua dume na jike wanaotawala eneo, majike wadogo ambao hawakuwa wanazaa huanza kuzaa, na watoto wengi zaidi hupata chakula na kuishi. Anayepiga koyote yeyote anayemwona hajui kama amelinda kondoo au amefungua mlango kwa koyote wengine.

Washoshone, wenyeji wa nchi ile yaya anayotembea, walikuwa na Koyote katika hadithi zao kabla ya kondoo kufika. Wanasimulia kwamba Mbwa Mwitu alitaka wafu wafufuke, Koyote akapinga: wote wakifufuka, dunia itajaa. Mbwa Mwitu akakubali, na wa kwanza kufa akawa mwana wa Koyote mwenyewe. Baba alikwenda kuomba mwanawe afufuliwe, naye akajibiwa kwa maneno yake mwenyewe. Mataifa mengi ya huko husimulia hadithi za Koyote wakati wa baridi tu, kama bibi zetu walivyokataa kusimulia hadithi mchana. Nimeipenda hadithi hiyo kwa sababu inamfanya Koyote awe baba. Ndani yake si nyama ya kuliwa wala adui wa zizi.

Mwaka huu yaya bado anatoka na yule mzee, lakini ameweka sharti. Nyayo anazozifuata lazima zianzie zizini, palipo na damu au kondoo aliyepotea. Zisipoanzia hapo, anarudi nyumbani kunywa chai. Mzee anamcheka, na mara nyingi wanarudi mikono mitupu. Nadhani sharti hilo linawezekana kwa mtu wa miguu peke yake. Anayepiga kutoka angani anaona koyote. Anayefuata nyayo anaweza kujua ni koyote gani, alitoka wapi, na alikula nini asubuhi. Kulinda, ili kuwe kulinda kweli, kunahitaji ujuzi huo. Bila ujuzi huo, fonimu ya yaya haitofautishi kitu.

Katika zoezi langu la tafsiri muhula huu nimechagua maandishi mafupi juu ya uwindaji wa koyote. Nimeandika koyote, katika ngeli ya a-wa, na sikutumia neno nyama hata mara moja. Kwa kitenzi nimetumia winda pale mtu anapotafuta ngozi, linda pale nyayo zinapotoka zizini, na mahali pengine pote nimeandika ua. Mwalimu anaweza kunisahihisha kwa wino mwekundu. Nitamwomba tu aniambie, kwa kila sentensi, nyayo zilianzia wapi.