Embe Zangu Zilivyogeuka Korosho

Alhamisi hiyo Kikima iliamka na ukungu mzito, ng'ombe wa jirani nilimsikia tu, sikumwona. Nilivaa sweta mbili. Kwenye kiondo cha mkonge alichonisukia mama nilikuwa na jozi 40 za herini za shaba ya manjano, bangili 12 na mikufu 6. Vyote nilikuwa nimevitengeneza kwa mifereji ya maji iliyochakaa na kufuli mbovu, nikiziyeyusha kwa mkaa nyuma ya jikoni. Hadi siku hiyo nilikuwa nauza sokoni, kwa kupaza sauti. Dukani nilikuwa sijawahi. Wala Mombasa nilikuwa sijawahi kufika: nina miaka 31, na bahari nilikuwa naijua kwa picha za kalenda.

Matatu iliteremka vilima vya Mbooni, mashamba ya matuta yakipanda kando yetu kama ngazi. Mjini Wote nikavua sweta ya kwanza, Makindu nikavua ya pili. Hapo Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote hula bure. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai. Nilimaliza nikasubiri kuulizwa chochote, sikuulizwa. Kwetu pia mgeni hulishwa, ila kwanza atajieleza ni wa ukoo gani.

Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 za basi. Njia za upande huu babu zetu Wakamba walizipita kwa miguu karne ya 19, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Waya huo mafundi wetu waliusokota wakatoa mikufu myembamba kama mkia wa panya. Na sasa mimi nilikuwa nairudisha shaba ilikotoka! Nikacheka peke yangu. Abiria aliyeketi nami akasogea dirishani kidogo.

Nililala kwa shangazi Changamwe, mtaa wenye chama cha ushirika cha wachonga vinyago wa Kikamba, cha tangu mwaka 1963. Jirani yake, mzee mchongaji, alitazama kiondo changu akauliza swali moja: “Nambari yako iko wapi?” Kumbe kule kila fundi ana nambari yake juu ya kazi yake, ili kinyago kikiuzwa ijulikane pesa ni za nani. Usiku huo nikakata vikaratasi 58 na kuvifunga kwa uzi, kimoja kimoja, huku nikiloa jasho kama niliye mbele ya tanuri.

Ijumaa, Mji wa Kale. Vichochoro vyake ni vyembamba kama njia ya mbuzi kati ya nyua mbili, na milango imechongwa nakshi hata nikaona aibu kuigonga. Niliingia kwa sonara kwanza. Akaweka bangili yangu kwenye mizani ndogo, ya kupimia dhahabu, kisha akanirudishia kwa upole. “Dada, mimi nauza uzito. Hii ni kazi ya mkono, itafutie duka lake.” Duka la pili walikuwa na shughuli zao.

La tatu lilikuwa dogo kuliko ghala letu la mahindi. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, amevaa buibui, ameketi. Nikaanza kama sokoni: shaba safi, bei nzuri, shika uone! Akaniacha nimalize. “Kaa kwanza, mwanangu,” akasema, akanimiminia kahawa tungu yenye tangawizi. Ilikuwa chungu kama dawa ya malaria. Nikainywa.

Hakuangalia uso wa herini hata moja. Aligeuza nyuma, akakamata kile kiwaya kinachopita sikioni, akakiburuza juu ya ushungi wake. Uzi ukanasa. “Umeona? Mteja wangu atarudi na ushungi umetoboka.” Kwetu Kikima herini huning'inia peupe, pengine huguswa na kitambaa cha Jumapili tu. Sikuwahi kufikiria kwamba herini inaweza kuvaliwa chini ya nguo siku nzima. Nilijiona mjinga, halafu nikafurahi: hilo sokoni nisingeambiwa.

Akaniagizia tupa kutoka kwa fundi wa jirani. Nikakaa barazani nikalainisha ncha 80. Duka likafungwa kwa swala ya Ijumaa, likafunguliwa, mimi bado nasugua. Shaba nayo ilikuwa imeanza kufifia kwa hewa ya chumvi, akanionyesha kuing'arisha kwa ukwaju.

Bei ndiyo iliyonishtua. Mimi nilitaka 300 kwa jozi, yeye angeuza 550. Nikawakumbuka madalali wa maembe, tunaowalaani kila msimu. Lakini kwa saa nzima niliyokaa mle kabla ya kuondoka, waliingia watu watatu na hakununua hata mmoja, na kodi ya duka haingoji. Nikakubali mali kauli: unaacha mali, unaondoka na kauli. Aliandika vyote kwenye daftari, nambari kwa nambari, nikapiga picha ukurasa.

Jozi 7 nilitaka kurudi nazo. Zina umbo la embe, tunda letu la Makueni, nami niliziona za kishamba. Akazikamata. “Korosho hizi! Kama za kwenye leso.” Nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye, nikiwa napalilia, simu ililia. M-Pesa, shilingi 2,100, na ujumbe chini yake: korosho zimekwisha, leta nyingine.