Safari ya Coober Pedy

Msomaji, kutoka Glendambo hadi Coober Pedy, huko Australia, ni kama kilomita 250 bila kituo hata kimoja cha petroli. Dada yangu, mja mzito wa miezi sita, aliihesabu mitungi ya maji mara mbili ndipo akaturuhusu kuondoka. Shemeji alinung'unika, lakini nani angembishia?

Jua lilipopunga tulipiga hema. Gizani kangaruu hurukia barabara ghafla, nayo malori ya kule, yenye trela hata tatu, hayasimami upesi.

Tulifika kesho yake. Opali iligunduliwa huko mwaka 1915, na wakazi wengi huishi chini ya ardhi kuepuka joto. Dada aliingia humo, akalala mchana kutwa.