Kidonge cha Jioni

Jumatatu, 3 Machi 2025. Nakuru, kwa wifi
Kwenye mashine ya mionzi sikukaa hata robo saa; kungoja ndiko kulikokula asubuhi. Lazima ninywe maji kwanza, kibofu kijae, kisukume utumbo usipigwe na miale. Usiku kibofu hichohicho hakinipi nafasi: saa sita, saa nane, saa kumi. Olenguruone ningekuwa kitandani kwangu, baridi ya Mau ikinibembeleza. Lakini mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, na kwenda na kurudi kila siku kupitia Keringet na Molo sitaweza. Afadhali hapa. Zamani wagonjwa wa kwetu walipelekwa hospitali ya Kenyatta, Nairobi.

Alhamisi, 6 Machi
Jana ilikuwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani. Usiku kucha nimekaa macho kama mtu anayengoja lori la majani chai. Silii, siumwi sana; napiga tu hesabu za bonasi na karo. Mchana nikalala hadi magharibi. Wifi anasema ni woga. Woga upo, sikatai, ila woga gani huu unaozidi siku za dripu, halafu unapungua Jumapili?

Jumanne, 11 Machi
Nimemwonyesha sista daftari hili.
“Mama, kile kidonge cha kuzuia kutapika unakimeza saa ngapi?”
Pakiti imeandikwa 1x2, basi. Asubuhi kimoja, kingine nikienda kulala.
Kumbe ni deksamethasoni, na hiyo hufukuza usingizi. Cha pili nikimeze kabla ya saa nane mchana. Kulala mchana kusizidi nusu saa, kisha nitembee kidogo, hata kama miguu haitaki, kwa sababu uchovu wa mionzi hauishi kwa kulala. Mkojo utapimwa, isije ikawa ni maambukizi.

Ijumaa, 14 Machi
Dripu ilikuwa juzi, na jana usiku nimelala kuanzia saa nne hadi saa nane! Maambukizi hakuna, kibofu kimechokozwa na mionzi yenyewe, kwa hiyo kuamka bado kupo.

Kwenye benchi nimewauliza wenzangu. Karibu wote hawalali, na hakuna aliyemwambia daktari; wanaona ukishapewa saratani, usingizi ni kitu kidogo cha kulalamikia. Mzee mmoja wa Bomet, mgonjwa wa koo, hulala ameketi kwa sababu ya mate mazito. Nimemwambia Jumatatu aseme, asingoje kuulizwa.